Jina la Aina na Jina la Kitu

Katika orodha za istilahi za kompyuta zinazotungwa kwa Kiswahili mna jozi moja ya maneno ambayo watungaji aghalabu huipita upesi mno. Ni ile ya kutaja aina ya vitu kwa upande mmoja, na kitu kimoja cha aina hiyo kwa upande wa pili. Mtungaji huweka neno mkabala na neno la Kiingereza, akaweka la pili mkabala na la pili, kisha akaendelea na safari yake. Maneno hayo mawili yaweza kuwa mazuri. Lakini mwanafunzi akiisha kuyapokea hujikuta hajajibiwa swali alilokuja nalo, yaani aina aipe jina gani, na kitu chenyewe akipe jina gani, hata asomapo programu yake kwa sauti mwenziwe atambue lipi ni lipi.

Swali hilo si dogo. Tangu lugha ya Simula 67, iliyotungwa Oslo na Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, programu nyingi za kompyuta hujengwa kwa namna hiyo. Kwanza huelezwa aina, kwamba ina sifa zipi na yaweza kutenda yapi. Kisha, kwa kufuata maelezo hayo, hufanywa vitu kimoja kimoja, kila kimoja na hali yake. Anayeandika programu ya kuweka kumbukumbu za mito ataeleza aina ya mto mara moja tu, akasema kwamba kila mto una urefu na kina cha maji. Baadaye atafanya kitu kimoja kwa ajili ya Rufiji, cha pili kwa ajili ya Ruvu, cha tatu kwa ajili ya Pangani. Aina haijai maji wala haikauki. Mto ndio unaojaa na kukauka. Mwenye kuchanganya majina ya mambo haya mawili atauliza kina cha maji cha kitu kisicho na maji, na mashine haitamsaidia ila kwa kumkatalia.

Desturi iliyoenea, hasa tangu kutolewa kwa lugha ya Java mwaka 1995, ni kuandika jina la aina kwa herufi kubwa mwanzoni, na jina la kitu kwa herufi ndogo. Kwa hiyo mtu ataandika "Mto rufiji", akikusudia kwamba Mto ndiyo aina, na rufiji ni kitu kimoja cha aina hiyo. Sasa achukuliwe mtoto anayesoma shule katika kata ya Mtunda, Wilaya ya Kibiti. Tangu darasa la kwanza mtoto huyo amefundishwa kwamba mto, kijiji na mti huandikwa kwa herufi ndogo, kwa kuwa ni majina ya jumla, na kwamba Rufiji na Mtunda huandikwa kwa herufi kubwa, kwa kuwa kila moja ni jina la kitu kimoja tu. Siku anapofika mbele ya kompyuta aambiwa kinyume chake. Hakuna anayemweleza kwa nini, na mtoto hudhani ya kwamba amesahau somo. Ni kweli kwamba mtoto wa Kiingereza naye hukutana na kinyume hicho. Lakini yeye ana kiambata cha lugha yake cha kumwokoa. Watu wa Smalltalk, lugha iliyozaliwa Marekani katika miaka ya 1970, walizoea kutia mbele ya jina la kitu kile kiambata cha Kiingereza chenye maana ya "mmoja", jina likasomeka wazi kuwa ni la kitu kimoja kisichotajwa kwa jina lake hasa. Kiswahili hakina kiambata cha jinsi hiyo. Anayefasiri programu ya duka hubaki na "Mteja mteja", na hapo ulimi hauna msaada wowote: maneno mawili ni neno moja.

Lakini kukosa kiambata si kukosa njia. Kiswahili kiliandikwa kwa karne nyingi kwa hati za Kiarabu, hati zisizo na herufi kubwa wala ndogo, wala haikuonekana kwamba wasomaji wa tenzi walishindwa kupambanua jina la mtu na jina la jumla. Tofauti hiyo haikukaa katika umbo la herufi. Ilikaa, na ingali inakaa, mahali pawili: katika upatanisho wa kisarufi, na katika kulitanguliza jina la aina mbele ya jina la kitu.

Upatanisho kwanza. Mtu akisema "Rufiji umefurika", ametaja mto. Akisema "Rufiji imefurika", ametaja wilaya. Neno Rufiji halikubadilika hata herufi moja, wala halina ngeli iliyo yake. Limeazima ngeli ya aina ya kitu kinachotajwa, mto mara ya kwanza na wilaya mara ya pili, ingawa hakuna lolote kati ya hayo mawili lililotamkwa. Vivyo hivyo "Subira amefika" ni habari ya binti, na "Subira imefika" yaweza kuwa habari ya mashua iliyoandikwa jina hilo ubavuni. Na jina Kibiti, ambalo umbo lake lingemvuta mgeni aseme "Kibiti kimepata shule", wenyeji husema "Kibiti imepata shule", kwa kuwa ni wilaya. Mtunda nayo haina wingi wa "Mitunda" wala wa "Watunda". Ile M- ya mwanzo imekufa siku neno lilipofanywa jina la mahali. Kwa ufupi, jina la kitu katika Kiswahili hubeba aina yake kimyakimya, na kitenzi ndicho kinachoifichua. Hili ndilo hasa jambo ambalo mashine hulifanya inapokumbuka kwamba rufiji ni mto, ikaruhusu yale tu yafaayo mito. Ajabu ni kwamba jambo hili, lililo mbele ya macho ya kila mfundishaji wa Kiswahili, halitumiwi kumfundishia mtu programu.

Tofauti hii ina uzito nje ya darasa pia. Mwezi wa Aprili 2024 mafuriko yaliikumba Rufiji na Kibiti. Kibiti ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Rufiji mpaka ilipomegwa na kuwa wilaya peke yake katika muongo wa pili wa karne hii. Kwa hiyo kumbukumbu yoyote ya zamani iliyoandikwa "Rufiji" imeihesabu Mtunda ndani yake, na kumbukumbu mpya iliyoandikwa "Rufiji" imeiacha nje. Jina ni lile lile, kitu si kile kile. Anayejumlisha kaya zilizopoteza mazao kwa kulifuata jina pekee atawahesabu watu wa Mtunda katika miaka fulani na kuwasahau katika miaka mingine, asijue kwamba amekosa. Mwenye kuandika "mto Rufiji" pale anapokusudia mto, na "Wilaya ya Rufiji" pamoja na mwaka pale anapokusudia wilaya, hapatikani na kosa hilo. Na hapa yafaa kuangalia jambo dogo ambalo wanasarufi hawakulipa haki yake: husemwa "mto Rufiji" bila kiunganishi, lakini "Wilaya ya Rufiji", "Kata ya Mtunda" kwa kiunganishi. Mto ndio Rufiji yenyewe. Wilaya ni ya Rufiji. Lugha imekwisha kupambanua kitu chenye jina lake na kitu kilichoazima jina la kingine.

Kuhusu kutanguliza jina la aina, hakuna mfano ulio bora kuliko ule uliotokea katika delta yenyewe miaka ya 1914 na 1915. Manowari ya Kijerumani Königsberg, baada ya kuipiga na kuizamisha Pegasus ya Waingereza huko Unguja tarehe 20 Septemba 1914, ilijificha katika mikono ya Rufiji upande wa Salale. Ilizingirwa huko miezi mingi, hata ikaangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Habari hiyo yajulikana na wengi. Isiyoangaliwa ni habari ya jina.

Wanamaji huzipanga meli zao za vita kwa aina, na desturi yao ni kuiita aina nzima kwa jina la meli ya kwanza iliyoundwa. Basi Königsberg ni jina la meli moja, na tena ni jina la aina yenye meli nne: Königsberg yenyewe, Nürnberg, Stuttgart na Stettin. Mtu akisoma kitabuni kwamba "Königsberg ilikuwa na mizinga kumi" hawezi kujua, mpaka asome mbele, kama imesifiwa meli au aina. Na kuna kichekesho ndani yake, kwani ile ya kwanza, iliyotoa jina, ilikuwa fupi kidogo kuliko nduguze watatu. Aina ikaitwa kwa jina la yule asiyefanana sawasawa na wenziwe. Wala mambo hayakuishia hapo. Königsberg ya Rufiji ilipokwisha kuangamia, Wajerumani waliishusha majini nyingine ya jina hilo hilo mwaka uo huo wa 1915, nayo ikawa kichwa cha aina yake. Na katika miaka ya 1920 wakaunda ya tatu, ikawa vile vile. Majina matatu ya meli na majina matatu ya aina, yote sita ni neno moja. Waandishi wa historia hawana budi kutia mwaka mbele ya kila moja. Hao ni mabaharia mashuhuri na wenye makaratasi mengi, seuze mwanafunzi wa programu aliyeambiwa kwamba herufi moja ya mwanzo itamtosha.

Königsberg kabla ya kuwa meli ulikuwa mji wa Prusia, nao ulibadilishwa jina mwaka 1946 ukaitwa Kaliningrad. Msomaji wa Kiswahili ataona kwamba sentensi hiyo haikumtatiza: "ulibadilishwa" ni mji, "ilizama" ni meli. Kijerumani na Kiingereza hulihitaji neno la ziada.

Watu wa pwani hawakuhitaji lolote katika hayo. Meli iliyokuwa mtoni waliiita "Manowari na bomba tatu", na ndilo jina lililobaki katika vitabu vya vita ile. Jina hili lastahili kutazamwa kwa makini kama linavyotazamwa beti la mshairi mzuri. Mwanzo wake ni jina la aina, manowari, neno lililotoka Kiingereza na kuvaa ngeli ya Kiswahili bila shida. Kisha yafuata alama moja inayoonekana kwa mbali, dohani tatu za moshi. Alama hiyo si ya Königsberg peke yake. Nduguze wote watatu walikuwa na dohani tatu, na meli nyingine za Kijerumani pia. Kwa mwenye orodha ya meli za dunia jina hilo ni la aina, tena aina pana. Lakini pale delta palikuwa na manowari moja tu ya jinsi hiyo, na sifa ya wengi ilitosha kuwa jina la mmoja. Huo ndio ustadi wa kutaja: jina la kitu lipimwe kwa vitu vingine vilivyopo mahali pale, si kwa vyote vilivyoko duniani. Mwalimu mwenye bidii atataka kusahihisha, iwe "manowari yenye mabomba matatu". Asisahihishe. Jina la kitu likiisha kushika haliulizwi tena sarufi.

Upande wa Waingereza nao watoa somo lake. Meli mbili za kina kifupi zilizoingia mtoni kuimaliza Königsberg ziliitwa Severn na Mersey. Hizo hazikuundwa kwa majina hayo. Ziliundwa Uingereza kwa ajili ya Brazili, zikaitwa Solimões na Madeira, pamoja na ya tatu iliyoitwa Javary; vita ilipoanza mwaka 1914 zilinunuliwa na serikali ya Uingereza, mito ya Brazili ikafutwa ubavuni ikaandikwa mito ya Uingereza. Severn na Solimões ni meli moja. Katika programu jambo hili hutokea kila siku: kitu kimoja hupewa majina mawili, na mwandishi asiyejua hudhani ana vitu viwili, akabadili kimoja kisha akashangaa kukuta cha pili nacho kimebadilika. Ingefaa somo hilo lianzie Rufiji, kwa kuwa chuma hakibadiliki kwa kupakwa rangi mpya.

Kuhusu mikoko yenyewe, iliyoenea katika delta kwa yapata hekta 53,000, yatosha kusema machache. Mkoko ni mti mmoja maalumu, ule wenye mizizi ya kupinda iliyousimamisha juu ya tope; tena mkoko ni jina la jumla la miti yote ya maji chumvi, ukiwamo mchu, mkandaa, msinzi na mkomafi. Ukiuliza kama mkomafi ni mkoko, utajibiwa ndiyo na utajibiwa siyo, na wote wawili wamesema kweli. Hali ni ile ile ya Königsberg, mmoja amelipa kundi jina lake. Mti ukiisha kukatwa huingia katika mpango mwingine kabisa wa majina: fito, pau, boriti, nguzo, kwa unene na kazi yake, wala si kwa jinsi yake. Mjenzi anayetaka boriti hajali kama ni mkoko au mkandaa maadamu unene ni sawa. Waandikaji wa programu wanayo hata hiyo, yaani aina inayotajwa kwa kazi iwezayo kufanya bila kuuliza asili, nao huichukua kuwa ni jambo gumu.

Yakiisha kutazamwa hayo, istilahi zenyewe hupimika kwa urahisi zaidi. Neno darasa, ambalo humjia mfasiri kwanza, halifai. Darasa ni kundi la watu walio ndani yake. Wakitawanyika, darasa limevunjika. Aina katika programu haina mtu ndani yake, nayo husimama hata kama hakijafanywa kitu kimoja kwa mfano wake. Ngeli lapendeza wanaisimu kwa kuwa ni neno lao, na hiyo ndiyo hatari yake. Ngeli ni mpango wa maneno, si wa vitu. Kijiko na kiboko vyafanana umbo, lakini mtoni Rufiji kijiko kimezama na kiboko amezama. Mtu atakayelitumia neno ngeli kwa mambo ya programu atalazimika kila siku kueleza kwamba hakukusudia ngeli. Jamii limekwisha kuwa na kazi nyingi. Aina ndilo neno lililo tupu vya kutosha na linaloeleweka vya kutosha, na lafaa libaki.

Kitu ni neno gumu zaidi. Katika programu ya hospitali, mgonjwa ni kitu; katika programu ya ushirika, mkulima ni kitu. Katika Kiswahili mtu kuitwa kitu ni tusi au ni mzaha, na mwanafunzi huona hivyo hata kama anyamaza. Wapo watakaosema ni istilahi tu. Ni kweli, na neno lenyewe laweza kuvumiliwa, kwa sharti moja: majina ya vitu hivyo yabaki na upatanisho wao, mkulima aendelee kuwa "ame-" na "huyu" katika kila maelezo yanayoandikwa pembeni mwa programu. Kitabu cha mafunzo kinachoandika "mkulima kimesajiliwa" kwa kuwa mkulima ni kitu kimefasiri vibaya mara mbili.

Lililo muhimu kuliko kuchagua maneno ni kuweka kanuni ya kutaja, na kanuni hiyo imekwisha kuonyeshwa na wale walioitaja manowari. Jina la aina na liwe nomino tupu ya umoja, isiyo na sifa: Mto, Kijiji, Manowari. Jina la kitu lisiwe kamwe nomino hiyo hiyo iliyopunguziwa herufi. Liwe nomino pamoja na kinachokitenga kitu hicho na wenziwe waliopo: mtoRufiji, kijijiMtunda, manowariBombaTatu. Majina yatakuwa marefu kidogo. Lakini jina huandikwa mara moja na husomwa mara nyingi, na anayelisoma kwa sauti ataeleweka na asiyeiona karatasi.

Pale kitu kisipokuwa na jina lake hasa, mathalan mkulima mmoja katika orodha ndefu anayetazamwa kisha akaachwa, kionyeshi chatosha: mkulimaHuyu, kijijiHiki, mtoHuu. Huku ndiko Kiswahili kinakofanya kazi ya kile kiambata cha Kiingereza, tena kwa ziada, kwa sababu kiambata hicho hakisemi lolote juu ya kitu, lakini huyu na hiki vyasema angalau kama ni mtu au si mtu.

Ila ziada hiyo ina gharama yake, na watungaji wa istilahi hawajaikabili. Lugha nyingi za kompyuta zina neno moja ambalo kitu hujitaja kwalo, sawa na mtu ajigusapo kifuani. Wanaolifasiri kwa "hiki" wamechagua ngeli moja na kuziacha nyingine zote: mkulima atajiita hiki, mto utajiita hiki. Wakichagua "mwenyewe" wamewapendelea watu, na kijiji kitalalamika, kwani chenyewe si mwenyewe. Kuruhusu neno libadilike kwa kila aina, liwe huyu, hiki, huu, hii, ndiko kuifuata sarufi, lakini itampasa mtunzi wa mashine aifundishe kwamba nne hizo ni moja. Nafsi ni neno lisilobadilika, tena la zamani, nalo laweza kutumika kwa mtu na kwa mto bila kugombana na kiambishi chochote. Hilo ndilo lingefaa kujaribiwa kwanza, katika programu fupi za kufundishia.